Pumu: pompe inayofungua pumzi peke yake haitoshi

Mjini Goma, vumbi la mawe ya volkano na moshi wa makala ni vitu vya kila siku. Kwa mwenye pumu, ugonjwa ambao wengi wanauita asima, usiku mmoja karibu na mbabula unaweza kumfikisha kwenye chumba cha dharura, kifua kikilia, akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja.

Dawa ya kwanza anayopewa ni salbutamoli, ile ya pompe ya bluu. Dakika chache baadaye anasikia nafuu na kuomba arudi nyumbani. Hapo ndipo hatari inapojificha.

Wakati wa shambulio la pumu, mambo mawili yanatokea kifuani. Misuli inayozunguka njia za hewa inakaza, kisha ndani ya njia hizo kunavimba na kujaa makohozi. Salbutamoli inalegeza misuli, lakini haiondoi uvimbe. Nguvu yake ikiisha baada ya saa chache, pumzi inaweza kubana tena.

Uvimbe unatulizwa na dawa za steroidi. Kwa kuwa zinachukua saa kadhaa kufanya kazi, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unaomba zitolewe mapema, ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, kwa mgonjwa aliyezidiwa. Mtu mzima hupewa prednisoloni miligramu 40 hadi 50 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7. Anayeweza kumeza hana lazima ya sindano: vidonge vinafanya kazi sawasawa.

Je, steroidi ya kuvuta kwa pompe, kama budesonidi, inasaidia pale pale kwenye dharura? Uchunguzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane mwaka 2012 ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo walilazwa hospitalini kwa uchache kuliko wasioipewa. Lakini kwa wale waliokwisha kupewa vidonge au sindano, faida ya kuiongeza haikuwa wazi. Kwa hiyo haichukui nafasi ya vidonge kwa mgonjwa mahututi.

Nafasi yake kubwa ni wakati wa kutoka hospitalini. Tangu 2019, GINA haishauri tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Anapaswa kurudi nyumbani na steroidi ya kuvuta na kuendelea nayo hata akijisikia mzima, akisukutua mdomo kwa maji kila baada ya kuivuta. Budesonidi iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Shirika hilo linakadiria kwamba pumu iliua watu 455.000 mwaka 2019, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati cha chini.

Vifaa pia visiwe kisingizio. Utafiti uliofanywa Cape Town, Afrika ya Kusini, na kutangazwa 1999, ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa na kufungwa vizuri kwenye pompe, iliwafungulia watoto pumzi sawa na kifaa cha dukani.

Kabla ya kuondoka hospitalini, mgonjwa au mzazi ana haki ya kumuuliza muganga swali moja: dawa ya kutuliza uvimbe iko wapi?