Tunabeba kila siku, mgongo bado unadai mazoezi

Tukitaja mazoezi ya nguvu wengi wanacheka. Sisi tunaopandisha mihogo kwenye milima ya Masisi na kutoa kuni porini Walikale, tuongeze nini tena? Lakini kubeba ni kuchoka, si kujijenga. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20, na kamba ikikaa kwenye paji la uso, shingo na kiuno vinavutwa vilevile kila siku, bila kupumzika.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri watu wazima wakaze misuli siku 2 au zaidi kwa juma. Sisi walimu tunatumia mapumziko ya saa nne: kusukuma ukuta mara 10, kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu mara 10, halafu tunarudia. Watoto wanachungulia dirishani, wacha wachungulie.

Wakati wa kuinua mzigo, kunja magoti, uusogeze karibu na tumbo, inuka kwa mapaja. Aliyejifungua juzi, au anayesikia kitu kinashuka chini, asianze. Apitie kwanza kituo cha afya. Na bidoni ya pili? Wababa nao wana migongo.