Duka Lenu, Leseni ya Nani?

Mmechanga mtaji, fremu mmepata pale Mdandu, shelfu zimeshapigwa. Bado swali moja ambalo wapenzi wengi hulikwepa: makaratasi yatoke kwa jina la nani?

Utaratibu wenyewe haung'ati. TIN mnachukua TRA, bure. Jina la duka mnalisajili BRELA. Leseni mnaiomba halmashauri yenu ya Wanging'ombe, yenye makao makuu Igwachanya.

Kasheshe ni jina. Leseni si hati ya umiliki, lakini mkigombana, karatasi ndiyo ya kwanza kuulizwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake, hadi ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina yote mawili, huhesabiwa mna haki sawa.

Ni kweli, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango. Ila jamani, nani anataka kufika huko?

BRELA inasajili jina la biashara kwa ubia. Jazeni fomu wote wawili, mapema, mkiwa bado mnacheka. Anayekupenda hataogopa kuandika jina lako.