Bole Inapojaa: Mwongozo wa Kuunganisha Ndege Addis Ababa

Abiria wawili wanaweza kupita uwanja wa ndege wa Bole, Addis Ababa, siku moja, wakarudi na habari zinazogongana. Aliyepita alasiri atasema ni jengo kubwa na tulivu, viti tele, wauza duka wanapiga soga. Aliyepita saa 4 usiku atasema hakupata hata pa kuegemea: foleni ya ukaguzi ilijikunja mara tatu, watu wamekaa sakafuni, na majina ya miji yanatangazwa mfululizo bila kupumua. Wote wawili wanasema kweli. Bole hujaa na kupwa kama bahari, na kujaa kwake kumepangwa kwenye ratiba kwa makusudi. Abiria akilielewa hilo, mengi yanayoudhi mahali pale hupata maelezo, na baadhi yake huepukika.

Shirika la Ethiopian Airlines lilianzishwa mwishoni mwa 1945, na ndege yake ya kwanza ya abiria ikaenda Cairo Aprili 1946. Biashara yake ya leo imejengwa zaidi juu ya mtu asiyekwenda Ethiopia: mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou, mwanafunzi wa Lubumbashi anayekwenda Ulaya, familia ya Bujumbura inayokwenda kuwaona ndugu Marekani. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mfano wa miji 40 upande mmoja wa Addis na miji 40 upande wa pili. Ukitaka kila mji uwe na ndege ya moja kwa moja kwenda kila mji wa upande wa pili, unahitaji njia 1,600, na nyingi kati ya hizo hazitapata abiria wa kujaza hata basi. Ukiwapitisha wote mahali pamoja, njia 80 zinatosha.

Lakini hesabu hiyo hufanya kazi kwa sharti moja: ndege zote zifike karibu wakati mmoja na ziondoke karibu wakati mmoja, ili kila abiria aikute ndege yake ya pili inamngoja. Sisi wa fani ya safari za ndege vipindi hivyo tunaviita mawimbi. Kwa ujumla, alfajiri hutua ndege za usiku kutoka Ulaya, Asia na Amerika, kisha kati ya saa 2 na saa 5 asubuhi zinaondoka zile za kusambaa Afrika. Jioni kinyume chake: ndege za Afrika zinarudi Addis kuanzia saa 1 hivi, na kati ya saa 4 usiku na saa 7 usiku zinaondoka za mbali. Katikati ya mawimbi hayo ndipo utakapokuta viti vitupu.

Jengo la abiria wa kimataifa lilifunguliwa 2003, likapanuliwa sana na kuzinduliwa upya Januari 2019, na kwa mujibu wa wenyewe lina uwezo wa kuhudumia abiria milioni 22 kwa mwaka. Takwimu ya namna hiyo humdanganya msafiri. Kama wengi wa mamilioni hayo wanapita katika vipindi viwili vya siku, utakachokutana nacho ni msongamano wa kipindi chako, na wastani wa mwaka hautakusaidia kupata kiti.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: saa moja na nusu ya kuunganisha inatosha? Kila uwanja una muda wa chini wa kuunganisha uliowekwa, na mfumo wa kuuza tiketi hautakuuzia safari moja iliyo chini ya huo. Kwa hiyo kama imo ndani ya tiketi moja, inaruhusiwa. Ila kuruhusiwa na kufaa ni mambo mawili. Mimi huangalia ndege inayofuata endapo hii itanikimbia. Ukiwa unakwenda Nairobi, ambako kuna safari kadhaa kwa siku, kuikosa moja kunakugharimu saa chache na kikombe cha kahawa. Ukiwa unakwenda mji unaohudumiwa mara tatu kwa wiki, kuikosa ni kulala Addis siku mbili. Wa kwanza anaweza kuthubutu dakika 70; wa pili achukue saa tatu na asilalamike kuwa amekaa sana. Usitegemee pia kwamba ndege itakusubiri. Kuwasubiri abiria 10 waliochelewa ni kuwachelewesha 250 waliokwisha kaa, ambao nao wana ndege zao mbele.

Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya ndege kuondoka, na geti hufungwa mapema kuliko hapo. Hapa kuna mtego mkubwa kwetu. Kwa kuwa wimbi la usiku linavuka saa 6, ndege nyingi za Bole zimeandikwa 00:15 au 00:40. Ndege ya 00:15 ya tarehe 14 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 14, maana yake unakwenda uwanjani jioni ya tarehe 13. Kila mwaka wapo wanaofika kaunta jioni ya tarehe 14 wakiwa wamevaa vizuri, mabegi yamefungwa kamba, na ndege imeondoka tangu usiku uliotangulia.

Kuhusu saa, Waethiopia na Waswahili ni ndugu. Wao pia huanza kuhesabu alfajiri: saa 1 yao ya asubuhi ndiyo saa 1 yetu. Na kwa kuwa Addis, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ziko katika ukanda mmoja wa saa, huna haja ya kugusa saa yako ya mkononi. Tatizo hujitokeza mnapozungumza Kiingereza. Dereva wa teksi akikwambia kwa Kiingereza atakufuata saa tatu, huenda anatafsiri saa tatu yake ya asubuhi, nawe kwa sababu ya Kiingereza unaielewa kuwa saa tisa alasiri. Mwoneshe kwa vidole kwenye uso wa saa, au mtaje asubuhi na jioni. Tiketi na mbao za matangazo, kwa upande mwingine, hutumia saa 24 za kimataifa na tarehe za kalenda ya kawaida, ingawa nchi yenyewe ina kalenda yake ya miezi 13 iliyo nyuma yetu kwa miaka saba au minane.

Sasa urefu wa mahali, jambo ambalo abiria hulihisi bila kulijua. Bole ipo mita 2,334 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi upo kama mita 1,620. Ule wa Julius Nyerere wa Dar es Salaam haufiki 60. Katika kimo cha Bole hewa imepungua uzito kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na ya pwani. Bawa hubebwa na hewa, na injini hupumua hewa hiyohiyo. Hewa ikiwa nyepesi, injini hutoa nguvu pungufu, na ndege hulazimika kukimbia kwa kasi kubwa zaidi ardhini kabla bawa halijapata kani ya kuiinua. Ndege ambayo Dar es Salaam ingeacha ardhi kwa kilomita 270 kwa saa, Bole itahitaji kama 300. Ndiyo maana njia zake za kurukia ni ndefu, karibu kilomita 3.8, na ndiyo maana ukihesabu sekunde tangu ndege ianze kukimbia utaona ni nyingi kuliko ulivyozoea. Hakuna hitilafu.

Gharama ya hewa nyepesi hulipwa kwa uzito. Kwa miaka mingi ndege ya Addis kwenda Washington imekuwa ikitua njiani, mara Dublin, mara Lomé, ilhali ile ya kurudi hupaa Washington na kufika Addis bila kusimama popote. Ukipaa kutoka chini unaweza kubeba mafuta yote ya safari. Ukipaa Bole huwezi kubeba mafuta yote hayo pamoja na abiria na mizigo yao. Upepo mkali wa angani unaovuma kutoka magharibi nao humsukuma anayerudi na kumzuia anayekwenda. Basi abiria anayeuliza kwa nini tiketi yake ina kituo asichokiomba, jibu lake limo kwenye mlima. Mpango wa kujenga uwanja mwingine mkubwa karibu na Bishoftu, kusini mashariki mwa Addis, una sababu nyingi, ya kwanza ikiwa nafasi, maana Bole imezingirwa na mji. Lakini Bishoftu iko chini zaidi kwa mita mia kadhaa, na wahandisi hawakulisahau hilo.

Kuna kioja kingine cha kimo. Ndani ya ndege aina ya Boeing 787 na Airbus A350, ambazo Ethiopian ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuzirusha, mgandamizo wa hewa hutunzwa sawa na ule wa mlima wa mita 1,800 hivi, hata mkiwa angani kilomita 12. Maana yake mkitua Bole mnatoka kwenye hewa nzito na kuingia kwenye nyepesi: ndege inashuka, masikio yanahisi inapanda. Kwa mtu mzima mwenye afya, matokeo yake ni kuhema kidogo kwenye ngazi na pengine kichwa kuuma ukilala huko. Kunywa maji, tembea polepole. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, au mwenye selimundu, azungumze na daktari kabla ya kukata tiketi, hasa kama atalala mjini.

Na beba sweta. Watu wa Pwani hawaniamini ninaposema Addis ni baridi, mpaka washushwe kwenye ngazi ya ndege usiku na kungojea basi la uwanjani, kwa kuwa si kila ndege huegeshwa kwenye daraja la jengo. Kanga au kikoi ndani ya begi la mkononi kitakufaa kuliko duka lolote pale.

Anayeunganisha hapiti uhamiaji, lakini hukaguliwa tena kabla ya kuingia ukumbi wa kuondokea: mkanda, simu, kompyuta, na vimiminika visizidi mililita 100 kwa chupa. Chupa ya maji uliyojaza Entebbe itaishia hapo. Ukishapita, tazama geti lako kwenye mbao, na utazame tena baadaye, kwani wakati wa wimbi mageti hubadilishwa bila huruma.

Begi lako kubwa halikuhusu tena, mradi tiketi ni moja. Kwenye kaunta ya mwanzo soma kibandiko mwenyewe: herufi tatu za mwisho wa safari ndizo zionekane kubwa, CAN kama ni Guangzhou, na ADD kama kituo cha kupita. Ukiona ADD peke yake, simama hapohapo uulize. Wanaokwenda Marekani watalichukua begi wenyewe kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia nchini humo, hata kama wana ndege nyingine mbele. Begi lisipotokea mwisho wa safari, jaza fomu kabla hujatoka ukumbini. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, madai ya maandishi kwa begi lililoharibika hupokelewa ndani ya siku 7, na kwa lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa.

Ninachokikataza waziwazi ni tiketi mbili tofauti. Mtu ananunua Dar es Salaam kwenda Addis kwa shirika moja, na Addis kwenda mbele kwa shirika lingine, kwa kuwa jumla imepungua dola 80. Hapo mbele ya mashirika hayo wewe si abiria anayeunganisha. Itakubidi uingie nchini, pengine kwa viza, uchukue begi, utoke, urudi kupanga foleni ya ukaguzi mlangoni na kaunta upya. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikudai wala hulidai chochote. Limekuona hukutokea, basi. Kwenye tiketi moja, kukutafutia ndege nyingine ni kazi yao.

Tiketi moja ina faida nyingine. Abiria wa Ethiopian ambaye ratiba inamlazimisha kusubiri kwa zaidi ya saa 8 na chini ya saa 24, bila kuwepo ndege ya mapema zaidi, kwa kawaida hupewa hoteli kwa gharama ya shirika. Aliyejichagulia mwenyewe kukaa muda mrefu hapewi. Masharti hayo hubadilika, kwa hiyo uliza siku ya kununua na uombe iandikwe kwenye tiketi. Kubishana usiku wa manane kwenye kaunta ya vocha, wimbi likiwa limejaa, hakujamfaa mtu.

Kusubiri kurefu kuna jambo lake jingine ambalo mawakala wengi husahau kulisema. Ethiopia imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Tanzania hudai cheti cha chanjo, ile kadi ya njano, kwa anayetoka nchi kama hizo na pia kwa aliyepita humo kwa zaidi ya saa 12. Ndugu anayekuja Zanzibar kutoka Uingereza hahitaji kadi akiruka moja kwa moja. Akipita Addis na kukaa saa 14, anaweza kuulizwa. Chanjo hiyo siku hizi inatambulika kwa maisha yote, ila cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo anayekimbilia sindano wiki ya safari amechelewa.