Kipoyi ndani ya ECODIM: watoto wadogo na habari za uponyaji

Watoto wetu wa vijijini wanajua kubeba mgonjwa ni nini. Mahali gari haifiki, wanaume wanne wanaweka miti miwili begani, mgonjwa analala katikati, na safari ya kituo cha afya inaanza, mara nyingine usiku na katika mvua. Mtoto wa miaka 5 amekwisha kuona kipoyi kikipita mbele ya nyumba yao. Kwa hiyo tunaposoma Marko 2:1-12, habari ya mtu aliyepooza na wale wanne waliomleta kwa Yesu kule Kapernaumu, mtoto huyo ana kitu cha kutuambia hata kabla sisi hatujafungua kinywa.

Lakini kwa miaka mingi hatukumpa nafasi. Tulisoma habari tukiwa tumesimama, watoto wakarudilia mstari mara tatu, tukaimba, tukaomba, wakaenda nyumbani. Siku moja tuliwauliza watoto wadogo wa ECODIM yetu ni nini walishika katika somo la majuma mawili yaliyopita. Walijibu kwamba Yesu ana nguvu. Jibu ni zuri. Tukauliza tena: ni nani walimleta yule mgonjwa? Kimya. Wale wanne ambao Yesu aliona imani yao (mstari wa 5) walikuwa wamepotea kabisa.

Tangu hapo tunafundisha habari hii kwa mikono. Tunahitaji karatoni moja, udongo, vijiti, majani makavu ya ndizi na kikwembe kimoja kilichochakaa. Karatoni ni nyumba. Hapa mwalimu asikimbie, kwa sababu watoto wetu wanajua paa la mabati au la majani, na watafikiri wale watu walipasua mabati kwa shoka. Tunawaeleza kwamba kule Palestina nyumba nyingi za watu wa kawaida zilikuwa na paa la bapa: miti imelazwa, juu yake matawi na majani, halafu udongo uliokandamizwa. Watu walipanda huko kwa ngazi ya nje, walianika vitu, walilala huko wakati wa joto. Ndiyo maana Marko anasema walitoboa kwa kuchimba. Watoto wanajenga paa hilo wenyewe kwa vijiti, majani na udongo wa kulowa. Kazi hiyo peke yake inachukua nusu saa, na haifai kuikatisha.

Mgonjwa ni mtoto wa majani ya ndizi, kama wale ambao wasichana wetu wanatengeneza kwa kucheza. Analala juu ya kikwembe, na watoto wanne wanashika pembe nne. Tunawaacha watembee nacho kuzunguka kanisa. Mmoja akiacha pembe yake, mgonjwa anaanguka. Hakuna haja ya mwalimu kueleza jambo hilo. Wanapofika kwenye nyumba, wengine wamejaa mlangoni, hawapishi. Basi wanachimba paa kwa vidole, udongo unaanguka ndani, na mgonjwa anashushwa. Ni hapo tu mwalimu anasema maneno ya Yesu, kwanza ya msamaha, halafu ya kusimama, kwa utaratibu ule ule wa Marko.

Mara ya kwanza mtoto mmoja aliuliza ni nani alitengeneza paa la mwenye nyumba. Biblia haisemi, na sisi katika chuo cha teolojia hatukumbuki kama mwalimu yeyote alituuliza hilo. Tuliwaacha watengeneze paa upya. Walifurahi zaidi kuliko mwanzoni.

Tunapaswa pia kusema kosa letu. Katika mwaka wa kwanza hatukutumia mtoto wa majani. Tulichagua mtoto wa kweli awe mgonjwa, na tulichagua yule ambaye mguu wake ni mlemavu tangu kuzaliwa, tukifikiri tunamheshimu. Wenzake walimbeba vizuri. Halafu mwalimu akasema simama, beba godoro lako, na watoto wote wakapiga makofi wakimngojea akimbie. Alisimama kama anavyosimama siku zote, akichechemea. Wachache walicheka. Mmoja akasema, hakupona. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Tulienda kwao, tukamwomba mama yake msamaha, halafu tukamwomba yeye mwenyewe. Aliporudi tulimwuliza anataka kazi gani katika habari hii. Alisema anataka kuchimba paa.

Kwa hiyo sheria yetu ni hii: mtoto mwenye ulemavu au ugonjwa asifanywe mfano wa mgonjwa mbele ya wenzake. Vilevile hatufungi watoto macho na kitambaa ili wacheke wakigongana, halafu tuseme huo ni upofu wa Bartimayo. Katika habari yake (Marko 10:46-52) tunawapa wengine kazi ya umati unaomwambia nyamaza, mmoja anapaza sauti, kisha tunabadilisha zamu. Kila mtoto aonje mambo mawili: kunyamazishwa, na kunyamazisha.

Habari ya Yohana 9 tunaifundisha kwa makini zaidi. Wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake. Kwetu swali hilo linavaa nguo nyingine: ni nani amemroga? Na mara nyingine kidole kinaelekezwa kwa mtoto mwenyewe, anaitwa mchawi, anafukuzwa nyumbani, na kwa haya yetu, hata ndani ya vyumba vya maombi. Yesu alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, lakini mtoto wa miaka 6 hasomi sheria. Yeye anasikia kile mwalimu wa ECODIM anasema Jumapili. Kwa hiyo jibu la Yesu tunalisema polepole, mara mbili.

Kwa mikono, tunachora uso juu ya jiwe bapa, tunapaka matope machoni, kisha watoto wanabeba jiwe hadi kwenye beseni iliyowekwa mbali kidogo, hiyo ndiyo Siloamu. Njiani tunawauliza: ameanza kuona? Bado. Na anatembea? Ndiyo. Matope tunachanganya na maji, mate, hapana. Sisi tuliopita katika Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, hatuhitaji maelezo marefu juu ya hilo. Mwishoni kila mtoto ananawa kwa sabuni katika maji mengine safi.

Habari ya binti Yairo ni fupi: baada ya kumwamsha, Yesu aliagiza apewe chakula (Marko 5:43). Siku hiyo tunaleta uji au viazi vitamu, tunakula pamoja. Hatuongezi kitu.

Kuna swali moja ambalo shughuli hizi zinaleta, na ndiyo sababu walimu wengine wanaziogopa. Msichana mmoja, baada ya kushusha kikwembe, alituambia: mdogo wangu pia walimbeba kwa kipoyi, na mama aliomba, lakini alikufa njiani. Alikuwa na umri wa miaka 7.

Ndugu walimu, tunawaomba sana, hapo msiseme kwamba imani ya mama ilipunguka. Biblia haitupi ruhusa hiyo. Paulo aliomba mara tatu juu ya mwiba wake na haukuondolewa (2 Wakorintho 12:8-9). Alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto (2 Timoteo 4:20), naye Paulo hakuwa mtu wa imani kidogo. Yesu mwenyewe alilia Lazaro alipokufa. Kwa mtoto tunasema kifupi: waliombeba mdogo wako walifanya kazi njema, mama aliomba vizuri, Yesu aliwaona, na sisi pia tuna huzuni. Akiuliza kwa nini, tunamwambia kwamba hatujui, na tunabaki karibu naye.

Siku ile mwalimu alikaa naye chini kwenye mkeka. Msichana alichukua majani yaliyobaki, akatengeneza mtoto wa pili, mdogo kuliko wa kwanza, akamlaza kando yake juu ya kikwembe. Akaita wenzake watatu waje washike pembe.