Mgodi Umefungwa, Maji Bado Yanachacha

Msomaji wa Songea anayefuatilia uchimbaji wa makaa ya mawe kule Ngaka anauliza: mgodi ukishafukiwa na nyasi zikaota, mkaguzi wa mazingira anarudi kutafuta nini? Namna makaa yanavyochimbwa nairuka, vitabu vya shule vimeieleza vya kutosha. Twende moja kwa moja Marekani, kwenye milima ya Appalachia, ambako swali hili limewasumbua watu miaka mingi.

Huko mkaguzi huanza na maji. Hushuka hadi kwenye kitako cha kilima cha kifusi, maji yanapochuruzika, akapima. Sheria ya mwaka 1977, iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter, inamtaka afike bila kutoa taarifa: kwa wastani ukaguzi wa sehemu kila mwezi, na ukaguzi kamili kila robo mwaka. pH, yaani kipimo cha uchachu, itakiwayo ni kati ya 6 na 9. Ikishuka chini ya hapo, mtuhumiwa wa kwanza ni piriti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa, yaliyojificha ndani ya makaa na katika miamba ya jirani. Ikiwa imezikwa haimdhuru mtu. Ikichimbuliwa ikakutana na hewa na maji, hutoa tindikali. Polepole, lakini. Utamu uko mbele.

Chukua mikokoteni ya Kariakoo. Chuma kilichoyeyuka majini kina hali mbili: mkokoteni mtupu na mkokoteni uliopakiwa. Mtupu hufika kwenye piriti, hupakia elektroni moja, basi umejaa. Kuibomoa piriti yenye atomu moja ya chuma na mbili za salfa kunahitaji mikokoteni 14, na kila bomoabomoa ya namna hiyo humwaga majini ayoni 16 za hidrojeni, ambazo ndizo uchachu wenyewe. Mzigo unapaswa kushushwa kwenye ghala la oksijeni. Lakini kwenye maji machachu oksijeni ni mwenye ghala mvivu. Mikokoteni iliyojaa inapanga foleni, biashara inadoda. Ingeishia hapo, nisingeandika makala hii. Wanatokea makuli: bakteria waitwao Acidithiobacillus ferrooxidans, wanaonawiri kwenye uchachu unaoua samaki. Wao hushusha elektroni, huzikabidhi kwa oksijeni, na ujira wao ni nishati kidogo ya kuishi. Mkokoteni unarudi mbio kwenye piriti, mtupu. Arthur Colmer na M. E. Hinkle waliandika habari za vijidudu hivi mwaka 1947. Mwaka 1970 Philip Singer na Werner Stumm wakaonyesha kuwa makuli hao huharakisha ushushaji zaidi ya mara milioni moja. Na kadiri piriti inavyobomoka ndivyo maji yanavyozidi kuchacha, na kadiri yanavyochacha ndivyo makuli wanavyonenepa.

Kwa hiyo anayerejesha ardhi kwa ufundi anapambana na mikokoteni. Miamba yenye piriti huizika mahali pasipofikika kwa urahisi na hewa wala maji, na kifusi hukichanganya na mawe ya chokaa. Uchachu ukipungua, chuma kisicho na mzigo hakiwezi tena kubaki kimeyeyuka. Hugeuka tope la kutu, lile linalopaka vijito rangi ya chungwa, na mkokoteni umekwama.

Tatizo ni kwamba tope hilohilo huyaganda mawe ya chokaa yakashindwa kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wahandisi wakaanza kuchimba mifereji, wakaijaza mawe ya chokaa, wakaifunika kwa plastiki na udongo wa mfinyanzi hewa isipenye. Kuiita "mifereji isiyo na oksijeni" kunachosha ulimi. "Mifereji bubu" inapotosha. Naona "mifereji isiyopumua" ndiyo inayokaa vizuri mdomoni. Ndani yake mikokoteni hubaki imepakiwa, na chuma kilichopakiwa hakigandi upesi. Maji yanapita yakimung'unya chokaa, uchachu unaisha, kisha yanatokea bwawani yanakokutana na hewa, na chuma kinatuama huko, mbali na mawe. Sijaona uhandisi mtamu kuliko huu. (Maji yenye alumini nyingi huuziba mfereji, na si makaa yote yenye piriti ya kutisha.)

Sasa fedha. Kabla ya kuchimba, kampuni huweka dhamana. Kifusi kikisharudishwa na kusawazishwa, asilimia 60 ya dhamana hiyo huweza kuachiliwa. Sehemu ya mwisho ya salio hungoja mimea ishike: angalau miaka 5 tangu upandaji wa mwisho, au 10 penye mvua isiyozidi kama milimita 660 kwa mwaka. Maji yakitoka machachu, dhamana inabaki serikalini hata nyasi zikimfika mkaguzi kiunoni. Na kule Pennsylvania, kwa migodi ambayo maji yake hayaonyeshi dalili ya kupona, kuna mifuko ya amana inayowekwa na kampuni, ili faida yake ilipie usafishaji wa maji mwaka hadi mwaka, bila kikomo.