Barua Yenye Kosa Iliyompa Blackwell Kazi ya Maisha

Mwaka 1945, jijini Washington, mtakwimu Abraham Girshick wa Wizara ya Kilimo ya Marekani alisimama mbele ya wenzake kueleza mbinu mpya iliyozaliwa na vita: kukagua bidhaa moja baada ya nyingine, na kuacha mara tu ushahidi unapokuwa wa kutosha. Katika maelezo yake akaitaja kanuni ya mtakwimu mwenzake, Abraham Wald. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mwalimu kijana wa hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Howard, David Blackwell. Hakuiamini kanuni ile. Alirudi nyumbani, akatunga mfano wa kuipinga, akamtumia Girshick kwa posta.

Kanuni yenyewe inaelezeka kwa bodaboda. Dereva anayepata wastani wa shilingi 2,000 kwa safari, na anayefanya wastani wa safari 9 kwa siku, atakusanya wastani wa shilingi 18,000. Hapo hakuna cha kushangaza. Cha kushangaza ni kwamba hesabu hiyo haiharibiki hata kama dereva mwenyewe ndiye anayeamua aende nyumbani saa ngapi kwa kutazama alichokwisha kupata, mradi asiwe na njia ya kujua safari ijayo italipa nini. Kijana wa Howard aliona hapo pana mwanya.

Mwanya haukuwapo. Mfano wake ulikuwa na kosa, na Wald alikuwa sahihi. Girshick angeweza kuitia barua ile kapuni na asilaumiwe na mtu. Alichofanya ni kumpigia simu Blackwell na kumwita wazungumze. Mwaka uliofuata Blackwell alichapisha makala yake juu ya kanuni ileile aliyoidhania ya uongo, akithibitisha kwamba inasimama hata kwa masharti mepesi kuliko aliyoyaweka Wald. Urafiki wa wawili hao ulizaa kitabu mwaka 1954, Theory of Games and Statistical Decisions.

Blackwell alizaliwa Centralia, Illinois, mwaka 1919, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli. Aliingia Chuo Kikuu cha Illinois akiwa na miaka 16, nia yake ikiwa kufundisha shule ya msingi. Alitoka na shahada ya uzamivu mwaka 1941, umri miaka 22. Kwa kipaji kile, vyuo vingemgombania. Lakini alikuwa Mweusi, naye aliijua nchi yake: barua za kuomba kazi alizipeleka kwenye vyuo vya Wamarekani Weusi tu, zaidi ya 100. Mtakwimu Jerzy Neyman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimtaka tangu mwaka 1942, akazuiwa kumwajiri kwa sababu ya rangi hiyo hiyo. Naueleza udhalimu huu waziwazi kwa sababu wasifu wa wanazuoni mara nyingi huuruka, kana kwamba vyeo hutolewa kwa akili peke yake.

Wengi wakisikia neno takwimu hufikiria sensa na majedwali. Mtakwimu wa hisabati huuliza jambo jingine: katika njia zote za kukadiria tusichokijua, ipi hupotoka kidogo zaidi, na kwa nini? Mwaka 1947, akiwa bado Howard, Blackwell alitoa jibu ambalo mpaka leo hufundishwa kila panapofundishwa somo hili.

Tuseme umeletewa shehena kubwa ya machungwa, unataka kujua sehemu gani imeoza. Unachomoa 10 bila kuchagua. Kadirio la kivivu kuliko yote ni kutazama la kwanza tu: likiwa bovu, useme yote yameoza, likiwa zima, useme hakuna lililooza. Kadirio hili la ovyo halina upendeleo, maana ukirudia zoezi mara nyingi sana, wastani wa majibu yako utaangukia kwenye ukweli. Ubaya wake ni kuyumba. Sasa hesabu mabovu yote katika yale 10; tuseme ni 3. Lipi lilitangulia kutoka ni bahati tu, basi jiulize: kama mabovu ni 3 kati ya 10, uwezekano wa la kwanza kuwa bovu ni kiasi gani? Ni 0.3. Hilo ndilo kadirio lako jipya. Bado halina upendeleo, na variansi yake, yaani kipimo cha kuyumba kwake, imeshuka hadi moja ya kumi ya ile ya awali.

Utasema kila mchuuzi analijua hilo. Kwa machungwa, ndiyo. Lakini hatua zilezile hufanya kazi hata pale ambapo jibu zuri halionekani kwa macho. Unaanza na kadirio lolote lisilo na upendeleo, hata likiwa duni, unalitafutia wastani kwa kushikilia muhtasari wa data uliobeba habari zote zinazohusika, na utakachopata hakitakuwa kibaya kuliko ulichoanza nacho. Mtakwimu wa India, C. R. Rao, alikuwa amelifikia wazo hili Calcutta mwaka 1945, ndiyo maana tunaliita theoremu ya Rao-Blackwell. Katika yote ninayofundisha, sijui jingine linalomlipa mwanafunzi kiasi hiki kwa hesabu chache hivi.

Berkeley ilimpokea hatimaye mwaka 1954, na mwaka uliofuata akawa profesa kamili. Mwaka 1965 alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Alisimamia zaidi ya wanafunzi 60 hadi uzamivu. Mwenyewe alisema shauku yake haikuwa utafiti bali kuelewa, na barua ya mwaka 1945 ni ushahidi tosha: alipoona jambo halimwingii akilini, alikaa nalo mpaka akaandika.

Alifariki mwaka 2010. Mwaka 1969 aliwaandikia wanaoanza kitabu kidogo, Basic Statistics. Ukikikuta maktabani, kichukue.