Moto wa kuni unapunguzwa kwa kuni, si kwa kuziba hewa



Sisi wa Alimbongo hatuna haja ya kuelezwa baridi. Tuko juu ya mita 2,000, na jioni ukungu ukishuka kila mtu anafunga mlango na kuota moto ndani. Kwa hiyo leo niongee juu ya jiko la kuni, lile la udongo lenye mlango mmoja mbele. Wamama wananiulizaka: nikitaka kuni zidumu, nizibe mlango wa jiko? Jibu langu ni hapana.

Sababu ni hii. Kuni zikipata joto zinatoa kwanza maji, halafu gesi. Ndimi unazoziona ni hizo gesi zinazowaka. Mwishoni yanabaki makaa. Moshi ni kuni ambayo haikuungua vizuri, inakimbia bure kupitia paa. Ukiziba mlango wakati jiko limejaa, joto linaendelea kutoa gesi lakini hewa ya kuziunguza haiko. Unabaki na macho yanayolia, sufuria nyeusi, na kuni zimeisha vilevile.

Namna ya kuwasha:

1. Tumia kuni kavu. Mkaratusi uliokatwa juzi unaweza kuwa karibu nusu maji kwa uzito. Upasue, uupange chini ya paa miezi kadhaa.
2. Toa majivu, acha mlango wazi kabisa.
3. Weka maganda makavu ya mahindi, juu yake vijiti vyembamba kama kidole, vimepishana ili hewa ipite kati. Plastiki hapana.
4. Ndimi zikisimama, ingiza kuni mbili au tatu za unene wa kifundo cha mkono. Zisijaze mlango: nusu ibaki ya hewa. Vichwa tu ndivyo viungue, nawe unasukuma polepole.

Halafu angalia moto wenyewe. Ndimi safi na moshi kidogo: acha hivyo. Ndimi zinatoka mlangoni, moshi mweusi: kuni ni nyingi, vuta moja nje na uizime kwa majivu. Ndimi zinalala upande na sufuria haipati joto: upepo umezidi, weka kinga upande unakotoka.

Na maharagi yetu yanayochelewa kuiva? Kwa urefu huu maji yanachemka chini ya nyuzi 94, na kuongeza kuni hakuyafanyi yawe ya moto zaidi, yanakauka tu. Loweka maharagi usiku kucha, funika sufuria, na yakishachemka punguza kuni, ubakize za kutosha kuyashikilia.

Mbabula ya makala ni tofauti. Pale kile kimlango cha chini kweli kinapunguza joto. Lakini makala yakikosa hewa yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni, na mtu aliyelala hasikii kitu. Makaa ya kuni yanayofifia ndani ya nyumba iliyofungwa yanafanya vilevile. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, wakasikia kizunguzungu na kichefuchefu, msingoje: watoeni nje kwenye hewa, halafu kituo cha afya.

Tusiseme ni jambo dogo la jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wamama na watoto ndio wanaokaa karibu na moto kuliko sisi wote.

Basi wapendwa, ukitaka moto mdogo, vuta kuni. Na usiku, kabla ya kulala, mutoe makaa nje kwanza, ndipo mufunge mlango. Baridi iliyobaki ni ya blanketi.